Mawe ya Dimbwi la Kubatizia

Laurel Lick, Kentucky
16 Machi 1958

Mdogo wangu Delmer,

Barua yako imefika, na picha ndani yake. Hiyo kofia umenunua au umeazima? Ndugu Orbin Fugate aliitazama sana, akasema sasa unafanana na mtu anayepita nyumba kwa nyumba kuuza bima. Nikamwambia afadhali anayeuza bima kuliko mhubiri anayepita nyumba kwa nyumba kula. Akacheka, akajiongezea maharage.

Mimi mzima. Baba naye mzima, ila ana kikohozi. Usinikunjie uso huko uliko, ni kikohozi tu, tena kakitafuta mwenyewe. Wiki iliyopita, theluji bado iko ukingoni, kakunja suruali kaingia kijitoni kutoa mawe kwenye dimbwi la kubatizia. Unajua anavyofanya kila Machi mafuriko yakishapita. Nilimfuata na koti nikamwambia, Baba, huu mwaka wa nne hajatokea mtu wa kuomba kubatizwa, mawe yote hayo unamtolea nani? Akaniambia nishike tawi lililokwama humo nivute kwa upande wangu. Nikavuta. Ana miaka sabini na minne na bado ananifanyisha kazi kama nyumbu.

Barua yako nilimsomea mara mbili. Alikaa kwenye kiti chake, kofia mapajani, utadhani anasomewa Maandiko. Mtu asiyejua hata herufi moja anajua kusikiliza kuliko sisi tuliosoma. Macho yake ya karatasi ni mimi tangu nilipokuwa na miaka saba, na hajawahi kuniuliza kama nimeruka mstari.

Meza ya Bwana na kuoshana miguu ni Jumapili ya pili ya Julai, kama siku zote. Njoo, Delmer. Kaa benchi lako la nyuma, hakuna atakayekusumbua, unatujua. Kwetu mtu haitwi kwa jina aje mbele, wala hasukumwi. Anayetaka maji huomba mwenyewe, Mungu akishamgusa. Hao wahubiri wa redioni ndio wanaita watu kama wako mnadani. Wewe njoo tu ule mkate wa mahindi, maana chini ya hiyo kofia naona umekonda.

Dada yako,
Zella


Detroit
9 Aprili 1958

Dada Zella,

Kofia ni yangu, nimeinunua, na Ndugu Orbin mwambie bima ya kwanza nitamuuzia yeye, ya tumbo.

Kazi ipo. Bado nafunga milango ya magari kiwandani, mlango mmoja baada ya mwingine, mpaka nikilala mikono inaendelea kufunga. Nyumba ya kupanga ya Bi Wanda ni ileile, sisi watu wa milimani tumejaa humu hadi kwenye ngazi.

Sasa naomba ukae chini. Yanayofuata ni ya Baba. Msomee kama yalivyo.

Baba, chumba cha pili kuna mtu anaitwa Arvil Toler. Katoka machimbo ya West Virginia, mapafu yake yameliwa na vumbi la makaa, hana mke wala mtoto. Mimi humnywesha supu nikitoka kazini. Siku moja akaniambia, "Wewe si mtoto wa mhubiri? Nihubirie basi, au unajua supu tu?" Nikamwambia mimi si mshirika, sijabatizwa. Akasema, "Sijakuuliza wewe ni nani. Nimekuuliza baba yako husema nini."

Nikaanza. Baba, nilijishangaa. Mahubiri yako yalikuwemo yote kichwani, mpaka pale unapoacha kusema na kuanza kuimba. Nilimpa ile ya mwana aliyekwenda nchi ya mbali, akarudi ananuka nguruwe, na baba yake akamwona akiwa bado mbali, akatoka mbio kumlaki. Arvil akalia. Akasema, rudia pale pa mbio. Tangu hapo kila nikiingia na bakuli ananiambia rudia pale pa mbio.

Nimerudia mpaka maneno yamenigeukia. Ulitembea maili kumi na mbili kwenye tope kwenda kumpa Hobart Ritchie habari njema, naye ndiye aliyekuibia nguruwe. Najua utasema Hobart alituma mtu kukuita. Mimi sikujua kama mtoto wa nyumbani naye anatakiwa atume mtu. Nimelala ukuta mmoja na wewe miaka kumi na tisa. Nimekaa benchi la nyuma nikikutazama unapiga magoti kuosha miguu ya watu. Mbona hukuwahi kuniweka chini ukaniambia, Delmer, haya ni yako pia? Uliona kwamba mimi simo kati ya wateule wa Mungu? Kama simo niambie, mimi ni mtu mzima sasa. Kama nimo, kwa nini hukuniita?

Nangoja jibu lako, Baba. Ukiniita nitakuja Julai, na si kwa ajili ya mkate wa mahindi.

Delmer


Laurel Lick
4 Mei 1958

Mdogo wangu Delmer,

Barua imefika. Baba amesikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akanyamaza. Baadaye akauliza kama hiyo nyumba mnayolala ina joto la kutosha, na kama huyo Arvil ana blanketi lake mwenyewe. Nikamwambia bila shaka analo.

Usilichukue moyoni. Unawajua wazee wa kanisa letu, jambo la mtu na Mungu wake halizungumzwi mezani kama bei ya tumbaku. Mama angekuwapo pengine angemtoa neno. Mimi siwezi.

Kikohozi kimepungua. Viazi nimeshapanda. Mbwa wa akina Fugate kazaa saba chini ya sakafu ya kanisa, na Ndugu Orbin sasa anahubiri huku wanalia chini yake, anasema hajawahi kupata waumini wanaoitikia vizuri hivyo.

Njoo Julai hata hivyo.

Zella


Detroit
1 Juni 1958

Zella,

Arvil alifariki Alhamisi. Aliomba abatizwe, na hapa hapakuwa na maji wala mzee wa kanisa, kulikuwa na mimi na bakuli. Nilimwambia yule mwizi aliyetundikwa kando ya Bwana hakubatizwa naye, na alipewa ahadi siku hiyohiyo. Akauliza, "Baba yako ndivyo anavyosema?" Nikamwambia ndivyo. Akasema basi mshukuru. Akafa amenishika kidole hiki cha shahada, na uso wake ulikuwa umetulia, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nimjue.

Kwa hiyo mwambie Baba kwamba Arvil Toler anamshukuru.

Mganga hajigangi, wahenga hawakukosea. Nimempa mtu mkate ambao mimi mwenyewe sijaonjeshwa, naye ameshiba.

Nimeuliza swali moja katika maisha yangu na nimejibiwa kwa kimya. Sawa. Kimya nacho ni jibu, na mimi nimekielewa. Julai siji. Humu ndani nahama, siwezi kupita mlango ule wa pili kila siku. Usiandike mpaka nipate mahali nikupe anwani.

Delmer


Laurel Lick
3 Julai 1958

Delmer,

Umeniambia nisiandike, na anwani yako mpya sina. Naituma kwa Bi Wanda. Mungu amfanye awe mtu wa kutunza barua za watu.

Baba ni mgonjwa. Hajapona tangu siku ile ya mawe. Nilikudanganya kuhusu kikohozi, na hilo ndilo dogo.

Kubwa ni hili. Barua yako ya Aprili sikumsomea yote. Nilimsomea kofia, milango ya magari na supu ya Arvil. Nilipofika kwenye swali lako nilikunja karatasi nikasema, anakusalimu sana. Baba hakunyamaza, Delmer. Hakuulizwa.

Jumatatu asubuhi homa ilishuka kidogo, akaniambia nimwinue. Akauliza, "Zella, katika barua zake zote, Delmer hajawahi kuuliza habari za maji?" Nikaenda jikoni, nikaitoa barua kwenye kopo la unga nilikoificha, nikakaa kando yake nikaisoma yote. Aliposikia pale pa Hobart Ritchie alifumba macho. Nilipomaliza akasema, soma tena. Nikasoma. Akasema, soma tena. Mara ya tatu ilipoisha akasema, "Kumbe alikuwa ananingoja mimi. Na mimi nilikuwa namngoja yeye."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniambia nichukue kalamu. Haya ni maneno yake, sijaongeza wala kupunguza:

"Delmer mwanangu. Sisi tulifundishwa kwamba ukimsukuma mtu majini atatoka amelowa tu. Niliogopa kwamba ukija kwa ajili yangu hutakuwa umekuja kwa ajili ya Bwana. Kwa watu wengine sikuogopa, kwa sababu sikuwapenda kiasi hicho. Nimesimulia habari ya baba aliyekimbia njiani miaka arobaini na mmoja, na mwanangu mwenyewe nimemngoja nimekaa barazani. Mawe nilikuwa nayatoa kwa ajili yako, kila Machi, tangu ulipotimiza miaka kumi na miwili, ili siku utakapoomba usijikwae. Sasa miguu haikimbii tena, nakimbia kwa mkono wa Zella. Mwanangu, wewe umo. Ulikuwemo siku zote. Habari njema niliyompelekea Hobart Ritchie ni yako kabla haijawa yake. Ulichompa yule mtu wa West Virginia hukukiiba kwangu, ulipewa. Nimevunja desturi, wazee wenzangu watanisamehe. Nakuomba. Njoo majini. Mimi baba yako, Farris Gayheart."

Alama hiyo chini ni ya mkono wake. Nilimshikia karatasi.

Njoo, Delmer. Panda basi la kwanza. Mimi usinisalimie ukitaka, pita moja kwa moja chumbani kwake.

Zella


Detroit
21 Julai 1958

Zella,

Leo nimepita kwa Bi Wanda kuchukua buti zangu. Alikuwa amenitunzia bahasha mbili kwenye droo, amezifunga kwa uzi. Moja nene, moja nyembamba. Nilifungua ile nene kwanza kwa sababu nilijua mwandiko wako.

Nilisoma nimesimama ukumbini. Nilipofika pale "nakuomba" nikaketi kwenye ngazi. Nililia mbele ya watu waliokuwa wanapanda na kushuka, wala sikuona haya. Nikamwambia Bi Wanda, baba yangu ananiita nyumbani, basi la saa kumi linaondokea wapi? Akasema ngoja, kuna na hii nyingine.

Ile nyembamba ilikuwa simu ya maandishi. Amefariki tarehe nane. Anazikwa tarehe kumi. Ilikuwa imekaa kwenye droo siku kumi na mbili.

Kwa hiyo nilikuwa na baba aliyeniita kwa muda wa kufungua bahasha moja.

Uliniambia alinyamaza. Miezi miwili nilitembea na kimya kile kifuani, nikamzika Arvil nacho, nikahama nacho. Kumbe aliyenyamaza ni wewe. Alikuamini kwa macho yake, na mimi nilikuamini kwa masikio yangu, na ulituficha kila mmoja asimwone mwenzake. Sijui nikuite nani sasa.

Usiniandikie. Safari hii nina maana hiyo.

Delmer Gayheart


Laurel Lick
17 Agosti 1958

Delmer,

Bi Wanda ameniandikia ulipo. Mkasirikie yeye baadaye, leo nikasirikie mimi.

Sikuandikii kuomba unisamehe. Nakuandikia ujue alivyokwenda, maana ni haki yako. Ilikuwa asubuhi, Jumanne. Aliniambia nikisogeze kitanda hadi dirishani, pale barabara inapoonekana ikipinda kwenye mkuyu. Kila gari lililopita lilimfanya ainue kichwa. Saa nne lilipita lori la makaa, akainua kichwa, na hakukilaza tena yeye, nilimlaza mimi. Tulimweka kando ya Mama. Ndugu Orbin aliimbisha wimbo mstari kwa mstari, sisi tukimfuata, sauti ikamkatika, watu wakamalizia bila yeye. Mahubiri ya mazishi ni Julai ijayo, mwaka ukishatimia, kama desturi.

Siku tatu baada ya kumzika ikawa Jumapili ya Meza. Nilisimama mbele ya kanisa nikasema nilichowatenda. Unajua kwetu mtu mwenye jambo na ndugu yake haketi mezani wala haoshi miguu, mpaka limalizike. Hakuna aliyenifukuza. Nilijitoa mwenyewe nikaenda kukaa benchi lako la nyuma. Kuna ufa ukutani pale, upepo unaingia moja kwa moja mgongoni. Miaka yote ile hukuwahi kusema.

Utataka kujua kwa nini. Kanisani nilisema nilimhurumia mzee, nisimtie uchungu. Wote wakaitikia kwa vichwa wakaelewa, na nilipofika nyumbani nikaona nimesema uongo tena, tena kanisani. Sababu ya kweli nakwambia wewe peke yako. Mimi niliomba kubatizwa nikiwa na miaka kumi na sita. Niliomba mwenyewe, sikungoja kuitwa. Hakuna aliyenitolea hata jiwe moja, nilijikwaa nikang'oka ukucha, nikatoka majini nachechemea huku watu wakiimba. Kisha nikabaki hapa. Nikafua mimi, nikapika mimi, nikasoma mimi. Na kila Machi namwona mzee akiingia kwenye maji ya theluji kwa ajili ya yule aliyeondoka. Nilijua mawe yanatolewa kwa ajili yako, Delmer. Siku ile nilimuuliza anamtolea nani kwa kumkera tu. Ilipokuja barua yako unadai hukupendwa, nilihisi moto. Nikasema moyoni, na akose kidogo, aone.

Majuto ni mjukuu, nami nimezaa ukoo mzima. Siku hizi naisoma barua yako kwa sauti nikiwa peke yangu, kwa kiti kitupu.

Karatasi ya Baba uliyo nayo ni yako. Ulinde ule mkato wa kalamu. Ulimchukua muda mrefu.

Zella


Detroit
8 Machi 1959

Dada Zella,

Nimekaa kimya miezi saba. Nilikusudia kukaa zaidi. Hasira ni kitu cha kukushughulisha, unaamka nacho, unakwenda nacho kazini, na kinakula chakula chako.

Hapa kazini kuna mzee wa Tennessee, yeye anafunga bawaba, mimi nafunga milango. Mkewe alifariki mwezi wa kwanza. Akawa haongei. Wakati wa chakula nikakaa naye, na kwa sababu sina kitu kingine cha kumpa mtu, nikamsimulia ile ya Baba, ya mwana aliyekwenda mbali. Nikafika pale pa mbio, nikanyamaza, maana kwa Arvil nilikuwa naishia hapo. Yule mzee akaniuliza, "Na yule mwingine?" Nikasema mwingine yupi? Akasema, "Si walikuwa wawili? Yule aliyebaki shambani." Nikamwambia sikumbuki vizuri. Nikadanganya, nilikuwa nakumbuka. Nikaona uvivu kumsimulia.

Kisha nikasimulia. Yule aliyebaki alirudi kutoka kazini akasikia ngoma na nyama inanukia, akasusa nje ya mlango. Na nilipokuwa nasema, Zella, kwa sauti ya Baba kabisa, nikafika pale ambapo siku zote nilikuwa nasinzia kwenye benchi langu. Baba yule aliacha karamu akatoka nje kumbembeleza huyo naye. Alitoka nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya aliyeondoka, mara ya pili kwa ajili ya aliyebaki. Sikuweza kumalizia mkate wangu.

Baba yetu alipata nafasi ya kutoka mara moja tu, na alitoka kwa mkono wako. Hiyo ya pili hakuwahi. Nadhani angetoka. Nadhani ndiyo sababu hakukugombeza.

Nakuja tarehe ishirini na moja, kwa basi la asubuhi. Mwambie Ndugu Orbin kwamba Delmer Gayheart anaomba kubatizwa. Baba aliniita, na sasa mimi naomba. Julai nitaketi mezani, na wewe utaketi upande wa wanawake mahali pako, kwa sababu kati yangu na wewe hakutakuwa na jambo. Ule ufa nitauziba.

Mwambie kila mtu asiguse dimbwi. Mawe ya mwaka huu nitayatoa mimi. Nitaanzia pale ulipojikwaa.

Na karatasi ya Baba nakuja nayo. Naijua kwa moyo, nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo, lakini kila nikiisoma naisikia kwa sauti yangu, na siyo yako aliyonitumia. Kabla sijaingia majini, simama ukingoni pale Baba alipokuwa anakunja suruali, unisomee. Yote, dada. Usiruke neno.

Mdogo wako,
Delmer